Vyuma vya omo vilivyoliwa na kutu: kusafisha, kuunda upya au kununua inoksi?

Kila mwenye boti ya faiba katika Ziwa Kivu, iwe inabeba abiria kati ya Goma na Bukavu au inavuka kwenda kisiwa cha Idjwi siku za soko tu, hufikia asubuhi moja akaona mstari wa rangi ya kahawia umeshuka kutoka kwenye chuma cha kufungia kamba hadi kwenye ubavu mweupe wa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Akiwauliza watu wa bichi, atapewa majibu matatu kwa mkupuo. Wa kwanza atamwambia asugue kutu, apake silikoni na kurudishia chuma kile kile. Wa pili atamtuma kwa fundi wa kuchomelea, ambaye atakata bomba la galva, yaani chuma kilichopakwa zinki, na kumwundia chuma kipya jioni hiyo hiyo. Wa tatu atashikilia kwamba hakuna dawa isipokuwa inoksi ya baharini, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, hata ikibidi iagizwe Kampala au Dar es Salaam. Wote watatu wana hoja. Nimeona kila njia ikifaulu na kila njia ikiwaangusha watu, na kwa sababu hiyo nitazipima hapa kwa vigezo vile vile, ili kila mmoja achague kwa kuangalia boti yake, mfuko wake na kazi anayoifanya.

Vyuma ninavyovizungumzia ni take, yaani kile chuma chenye pembe mbili kinachozungushiwa kamba. Pete ya omo, ile yenye umbo la U iliyo mbele kabisa na inayotumika kuvutia boti. Roli inayopitisha kamba ya nanga. Na vishikio vya pembeni. Viwili vya kwanza ndivyo nitakavyovitilia mkazo, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba boti nzima wimbi linapoirusha nyuma na kamba ikakaza ghafla.

Kwanza toa bolti moja

Kiangazi kilichopita nilikaa kwenye omo ya boti ya mama mmoja anayepakia mananasi Idjwi, nikiwa na fundi mzee wa faiba ambaye hufanya kazi zake ufukweni hapa Goma. Take yake ilikuwa inang'aa, na kutu iliyoonekana ilikuwa alama ndogo kuzunguka vichwa vya bolti.

"Papa, si hii ni inoksi?" mama aliuliza. "Tuisugue tu, kesho nina mzigo."

"Mama, take ndiyo inoksi," fundi alimjibu bila kuinua macho. "Bolti tutaijua ikishatoka."

Nati ilikataa, akailoweka kwa mafuta mepesi, akasubiri, akajaribu tena. Bolti ilipoanza kupanda, maji ya rangi ya chai nzito yalichuruzika kutoka kwenye tundu, yakiwa na harufu ya ubao uliolala muda mrefu kwenye unyevu. Kichwa cha bolti kilikuwa kizima na mwisho wenye nati ulikuwa mzima, lakini katikati, pale ilipopita ndani ya sitaha, shina lilikuwa limebanwa kama kiuno cha nyigu. Fundi aliweka kalipa: milimita 7, kwenye bolti iliyonunuliwa ikiwa na milimita 10. Nguvu ya bolti hufuata eneo la mkato wake. 7 mara 7 ni 49, na 10 mara 10 ni 100. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya chuma ilikuwa imekwisha kuondoka, na mtu aliyesimama juu ya sitaha asingeweza kujua.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Kuna mtu aliyewahi kuondoa bolti za asili na kuweka za kenkayeri, yaani za duka la vifaa vya ujenzi, zile zenye ngozi nyembamba ya zinki inayong'aa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya unyevu, iliyo dhaifu huliwa ili iliyo imara isalimike, na huliwa haraka zaidi ikiwa ndogo mbele ya kubwa. Bolti nne ndogo za zinki chini ya take kubwa ya inoksi ni mpango mbaya kuliko yote. Ukigeuza, yaani bolti ndogo za inoksi kwenye bamba kubwa la galva, madhara yanakuwa madogo, kwa sababu zinki nyingi inagawana mzigo wa kuliwa. Alumini nayo huingia katika kanuni hii: take ya alumini yenye bolti za inoksi huanza kutoa unga mweupe kuzunguka matundu, na inahitaji kutenganishwa na bolti kwa washa za plastiki.

Ndiyo maana nasema kutu ya juu haitoshi kukuchagulia njia. Toa bolti moja, ile iliyo karibu zaidi na mstari wa kahawia, uitazame shina lake, kisha urudi kusoma ulinganisho unaofuata.

Vigezo

Nitapima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni nguvu inayobaki au inayopatikana. La pili ni uvumilivu wake mbele ya maji ya Kivu na mvua yetu. La tatu ni kile inachoifanyia sitaha ya faiba iliyo chini yake. La nne ni gharama pamoja na upatikanaji. La tano, ambalo watu hulisahau, ni urahisi wa kukagua baadaye.

Kuhusu kigezo cha pili, inafaa nieleze kidogo, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya bahari, na Kivu si bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ya juu ya Kivu yana gramu 1 na ziada kidogo, na sehemu kubwa yake ni bikaboneti, si chumvi ya mezani inayoishambulia inoksi. Hata hivyo, kiasi hicho ni kikubwa kuliko cha maziwa mengi ya maji baridi, kwa hiyo umeme mdogo kati ya metali mbili zinazogusana hupita vizuri. Maji haya pia yana asili ya magadi, pH yake ikiwa karibu 9, jambo ambalo zinki hulivumilia vizuri.

Mvua ni habari nyingine. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi ya salfa pamoja na gesi za klorini na florini, na upepo ukiupeleka upande fulani, mvua ya upande huo hushuka ikiwa na asidi. Aliyewahi kuona mabati ya nyumba za upande wa Rusayo au Sake yalivyo mekundu kabla ya wakati wake hahitaji maelezo zaidi. Mabati yale yamepakwa zinki hiyo hiyo tunayoitegemea kwenye bomba la galva. Omo ya boti hupigwa na mvua kuliko inavyozama ziwani, kwa hiyo chuma kinachofaa kwa mwili wa boti ulio majini si lazima kiwe ndicho kinachofaa juu ya sitaha. Wa Bukavu, walio mbali na moshi huo, wana nafuu katika jambo hili.

Njia ya kwanza: kusafisha na kurudishia chuma kile kile

*Nguvu.* Ikiwa chuma chenyewe ni kizima, njia hii inarudisha nguvu yote ya asili, lakini kwa sharti moja: bolti ziwe mpya. Kurudishia bolti za zamani eti kwa sababu vichwa vyake vimetakata ni kujidanganya. Chuma hukaguliwa kikiwa mkononi, kwenye mwanga wa jua, hasa kwenye kona na mahali kilipochomelewa. Doa la kahawia linalotoka kwa kusugua si kitu. Mashimo madogo yanayonasa ukucha ni onyo. Ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, unamaliza mjadala, na chuma hicho kiende kwenye vyuma chakavu.

*Maji na mvua.* Inoksi hujilinda kwa utando mwembamba wa kromu ambao hujijenga upya ukipata hewa. Kwa hiyo kusafisha si urembo: uchafu na chembe za chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida, zikiondolewa, utando unarudi. Tumia maji ya ndimu au asidi ya sitriki, na kitambaa kikwaruzo cha nailoni. Brashi ya waya wa kawaida iache kabisa, kwa sababu huacha chembe zake ndani ya mikwaruzo na baada ya wiki mbili utaona kutu mpya ambayo si ya take yako. Maji ya Javel nayo yasikaribie; klorini yake ndiyo adui hasa wa inoksi. Kama chuma kilikuwa cha galva na zinki imeshaondoka, kusafisha kutakupa muda mfupi tu, hata ukipaka rangi.

*Sitaha.* Hapa njia hii ina faida ambayo haisemwi: matundu ni yale yale. Hutoboi faiba upya, na bamba la chini linarudi mahali pake.

*Gharama na upatikanaji.* Ni nafuu kuliko zote, na kinachohitajika kununuliwa ni bolti, nati, washa na gundi ya kuziba. Muda ndio gharama halisi, kwa sababu nati zilizogoma huweza kukumeza siku nzima. Usishawishike kuzipiga moto wa gesi. Resini ya poliesta hulainika na kuungua, na nimeona omo iliyovimba kama mkate kwa ajili ya nati moja. Ni heri kukata nati kwa mashine ya kusagia, ukiwa umefunika faiba kwa kipande cha bati.

*Ukaguzi.* Mzuri, ikiwa uliziba kwa kitu kinachofunguka tena. Anayefaa kuchagua njia hii ni mwenye take nzito ya kusubu ambayo bolti zake tu ndizo zilizoharibika, na mwenye boti inayotoka mara chache.

Njia ya pili: kuundiwa na fundi wa kuchomelea

*Nguvu.* Bamba la chuma la milimita 6 likichomelewa na fundi anayejua kazi linaweza kuwa na nguvu kuzidi take nyingi za dukani, hasa zile za bati lililokunjwa ambazo zina uwazi ndani. Kwa boti za mizigo, zinazofungwa kwa kamba nene kando ya boti kubwa, nimeona pembe za bomba zilizoundwa Goma zikidumu huku za dukani zikipinda. Udhaifu wa njia hii uko kwenye muungano wa kuchomelea, na tofauti kati ya fundi na fundi ni kubwa mno. Mwombe akuonyeshe kazi yake ya mwaka jana, si ya jana.

*Maji na mvua.* Neno "galva" linafunika mambo mawili yasiyolingana. Chuma kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka hupata ngozi ya kijivu isiyong'aa sana, yenye unene wa mikroni 70 hadi 85 kwa vyuma vya unene tunaoutumia. Kile kilichopakwa kwa umeme, kama bolti za kenkayeri, hung'aa na ngozi yake mara nyingi haifiki hata mikroni 15. Bomba la maji la galva ni la aina ya kwanza, na ni zuri. Tatizo ni kwamba fundi akichomelea, zinki ya mahali pale inaungua na kuondoka, na hapo hapo penye mzigo mkubwa pakabaki chuma kitupu. Baada ya kuchomelea, sehemu hizo zisafishwe hadi chuma king'ae, zipakwe rangi yenye zinki nyingi angalau mara mbili, kisha rangi ya kumalizia. Rangi hiyo itahitaji kurudiwa kila mwaka kabla ya mvua za Septemba, na kwa boti zinazolala upande unaopata moshi wa volkano, ukaguzi wa kila miezi michache si kujisumbua bure.

Jambo moja ninaliomba kwa ajili ya mafundi wenyewe: moshi mweupe wa zinki inayoungua huleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Zinki isagwe na kuondolewa kwanza pale patakapochomelewa, na kazi ifanyike nje, upepo ukiwa nyuma ya fundi.

*Sitaha.* Vyuma vya kuunda ni vizito na kitako chake mara nyingi si tambarare kabisa. Kikikazwa juu ya sitaha iliyopinda kidogo, faiba inabanwa upande mmoja na kupasuka nyuzi kwa nyuzi. Peleka karatasi ngumu yenye umbo la sitaha na matundu ya zamani yakiwa yamechorwa, ili chuma kifuate boti na si boti kufuata chuma.

*Gharama na upatikanaji.* Gharama ni ya kati, na hapa hakuna njia nyingine inayoishinda kwa upatikanaji. Fundi yupo, umeme ukiwapo kazi inakwisha siku hiyo, na mpaka ukifungwa wewe huathiriki. Kwa mtu ambaye boti yake ndiyo chakula cha nyumbani, hilo lina uzito.

*Ukaguzi.* Kutu ya chuma cheusi haijifichi. Inajitangaza mapema, na mtu yeyote anaiona, jambo ambalo ni usalama wa aina yake. Njia hii inamfaa mwenye boti ya mizigo inayofanya kazi kila siku, aliye na mabaharia wanaokubali kushika brashi ya rangi kama wanavyoshika usukani.

Njia ya tatu: kununua inoksi mpya

*Nguvu.* Bolti nzuri za inoksi huandikwa kichwani A2 au A4, zikifuatiwa na namba kama 70, ambayo inamaanisha bolti haikatiki hadi nguvu ifikie megapaskali 700. Bolti moja ya milimita 10 ya daraja hilo ina uwezo wa kuvumilia takriban tani 4 kabla ya kukatika, yaani faiba itang'oka muda mrefu kabla yake. Kwa hiyo anayenunua take ya inoksi akaifunga kwenye sitaha iliyooza amenunua nguvu asiyoweza kuitumia.

*Maji na mvua.* A2 ina kromu na nikeli. A4 ina hayo pamoja na molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, ambayo huisaidia dhidi ya kloridi. Baharini ningesema A4 bila kusita. Kivu, nadhani A2 inatosha kwa vishikio na mengine yaliyo hewani ambayo unaweza kuyafuta, ila kwa bolti zinazozama ndani ya sitaha, mahali pasipofika hewa na utando wa kromu hauwezi kujijenga upya, na kwa boti inayonyeshewa mvua ya volkano, tofauti ya bei ya bolti nne ni ndogo mno kuiogopa. Tumia A4 hapo.

Sumaku haitakusaidia kutofautisha A2 na A4, kwa kuwa zote mbili kwa kawaida hazinasi. Itakusaidia tu kugundua chuma cha kawaida kilichong'arishwa: sumaku ikiganda kwa nguvu, hiyo si inoksi unayoitaka, haidhuru muuzaji anasema nini. Kunasa kidogo sana kwenye kona iliyokunjwa hakuna neno.

*Sitaha.* Nafasi kati ya matundu ya take mpya huwa nadra kulingana na ya zamani. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu kabla ya kutuma fedha, la sivyo utalazimika kuyaziba ya zamani na kutoboa mengine karibu nayo. Kuhusu nati za inoksi, zina tabia ya kung'ang'ania zikikazwa kwa haraka, na zikishanasa hazisogei mbele wala nyuma. Tone la mafuta na spana ya mkono, bila mashine, huondoa shida hiyo.

*Gharama na upatikanaji.* Ni ghali kuliko zote, na kusubiri kunategemea njia na mipaka. Kuna anayeagiza na kupata ndani ya wiki, na kuna aliyekaa mwezi mzima boti ikiwa imefungwa kwenye mawe. Ukiagiza, agiza pamoja na bolti, nati na washa za daraja lile lile. Wengi huleta take nzuri kisha humalizia kwa bolti za kenkayeri, na tumeona kiuno cha nyigu kinavyotokea.

*Ukaguzi.* Hapa ndipo udhaifu wake. Inoksi hubaki nzuri machoni hata ndani ikiwa inaharibika, na mwenye nayo huacha kuiangalia. Hasa kama boti ilifanya kazi baharini kabla ya kuletwa ziwani, usiiamini inoksi iliyokuja nayo hadi uitoe. Njia hii inawafaa wanaobeba abiria kwa ratiba na wanaokusudia kukaa na boti miaka mingi.

Kazi isiyokwepeka, yoyote utakayochagua

Sitaha ya boti nyingi za faiba ni tabaka mbili nyembamba zenye ubao katikati, plaiwudi au balsa. Maji yakipita pembeni mwa bolti, ubao huoza kimya. Gonga sitaha kwa mpini wa plastiki wa bisibisi ukianzia mbali na kusogelea take: mlio mkavu na mkali ni wa sitaha nzima, mlio mzito, kama wa kugonga boga, ni wa ubao uliokwisha. Weka alama kwa kalamu pale mlio unapobadilika. Alama hizo zikizidi kiganja cha mkono, kazi imehama kutoka kwenye chuma na kuwa ya sitaha, na tabaka la juu litalazimika kukatwa.

Eneo likiwa dogo, tundu la milimita 10 lipanuliwe kwa juu hadi milimita 16 au 20, ukipita kwenye tabaka la juu na ubao tu na kuliacha la chini. Ubao uliooza ukwanguliwe hadi ufikie ulio mkavu. Kisha uache ukauke, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: kiangazi, kati ya Juni na Agosti, siku tatu au nne za jua zinaweza kutosha, Novemba hutafanikiwa bila paa juu ya omo. Ziba chini kwa utepe, pakaza kuta za tundu kwa epoksi nyepesi, halafu jaza kwa epoksi iliyofanywa nzito. Usiku wa Goma ni baridi, kwa hiyo mpe epoksi hadi kesho yake alasiri kabla ya kutoboa tena katikati. Sasa bolti inapita ndani ya gogo la epoksi, na hata gundi ya kuziba ikishindwa, maji hayaufikii ubao.

Resini ya poliesta hupatikana kwa urahisi zaidi na ni rahisi kwa bei, ila haishiki faiba ya zamani kama epoksi inavyoshika. Ikiwa ndiyo pekee uliyonayo, saga kuta za tundu hadi ziwe na mikwaruzo mipya. Kigumishi chake kikiruka jichoni kinaweza kupofusha, hivyo miwani ya kazi ni ya lazima, hata kwa matone machache.

Kwenye mdomo wa tundu, kata ukingo kidogo uwe mteremko, ili gundi ikae pale kama pete kuzunguka bolti. Silikoni ya madirishani haifai. Poliurethani hushika kwa nguvu, na hiyo ndiyo sifa na kasoro yake, kwa kuwa siku ya kufungua inaweza kung'oa ngozi nyeupe ya sitaha. Butili, ule utepe mweusi au wa kijivu unaobaki laini, huziba vizuri na hufunguka bila ugomvi. Kwa njia ya kwanza, inayodai kukaguliwa tena, mimi huchagua butili. Kaza nati, si kichwa cha bolti, ili pete ya gundi isipasuke. Chini weka bamba la inoksi la milimita 3 au zaidi, au plaiwudi ya milimita 12 iliyofunikwa epoksi pande zote, pamoja na washa pana. Washa ndogo peke yake hupenya faiba kama kidole kwenye ugali.

Kwa hali yako

Ikiwa bolti iliyotoka ni nzima na sitaha inalia kavu, huna sababu ya kutumia fedha nyingi. Safisha, badilisha bolti, weka butili mpya, na fungua bolti moja tena baada ya mwaka.

Ikiwa boti ni ya mizigo, inafungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa siku na haiwezi kulala wiki nzima, chuma cha kuunda kinakufaa, mradi sehemu zilizochomelewa zipakwe ipasavyo na bolti zake ziwe za inoksi au za galva nene.

Ikiwa unabeba abiria, ningekuomba uchukue inoksi ya A4 angalau kwenye pete ya omo na take mbili za mbele, hata kama vishikio vitasubiri msimu ujao. Ikiwa fedha hazitoshi sasa, kuna njia ya kati ambayo ndiyo aliyoichagua yule mama wa mananasi: take yake ya zamani ilikuwa nzima, akaisafisha na kuirudisha kwa bolti nne za A4, matundu yakiwa yamejazwa epoksi. Mzigo wake ulichelewa siku tano. Mvua zilipoanza tulifungua kifuniko cha omo tukapapasa chini ya bamba, na vidole vilirudi vikavu.

Na ikiwa nati za pete ya omo zimefunikwa kwa faiba kutoka ndani, kama ilivyo kwenye boti kadhaa, usikubali fundi akuambie ni nzima kwa kuitikisa tu. Kata tundu la ukaguzi kwenye ukuta wa chumba cha nanga, lenye upana wa kupitisha mkono, ulivalishe kifuniko cha kuzungusha, na uzitazame nati hizo kwa tochi. Chuma usichoweza kukiona wala kukigusa kihesabu kuwa kimeliwa hadi utakapothibitisha vinginevyo, na hadi siku hiyo usivutie boti kwa pete hiyo ikiwa na watu ndani.